Bibi wa Kwenye Chupa

Majirani huniuliza: binti yako anasomea nini hasa?
Nikisema uhusiano wa umma na matangazo
hutikisa kichwa, kama nimetaja ugonjwa usio na dawa.
Siku hizi najibu kwa mkato: anasomea kusema.
Miaka minne?
Minne. Na karo.

Nilgün alirudi kutoka chuo kikuu Jumanne,
mkoba haujagusa kiti:
Mama, mradi wa mwisho unataka bidhaa halisi,
nimekuchagua wewe.
Mimi, yaani jamu yangu ya tini mbichi
ninayouza Alhamisi sokoni Bornova,
chupa za kila ukoo, za zeituni, za asali, za dawa ya kikohozi,
bei nimeiandika kwa kalamu juu ya kipande cha boksi.
Nikamwambia, kizuri chajiuza.
Akasema, usemi huo mwalimu wetu aliufuta ubaoni
wiki ya kwanza.

Akakaa jikoni, daftari mapajani,
akanihoji kama polisi mwenye adabu.
Mteja wako ni nani? Mwenye njaa.
Bidhaa yako inaahidi nini? Tini.
Nani alikufundisha kupika?
Hapo nikakoroga kidogo kabla ya kujibu.
Nilijifunza nyuma ya pakiti ya sukari,
mwaka ule kiwanda cha soksi kilipotupunguza
(hawakusema kutufukuza, walisema kutupunguza;
nadhani nao walikuwa na mtu aliyesomea).
Akaandika kitu. Hakunionyesha.

Wiki mbili, zikaja lebo:
karatasi ya rangi ya maziwa, herufi zimejipinda kama mizabibu,
na mwanamke mzee, kitambaa kichwani, ameinamia sufuria.
*Siri ya Bibi, tangu 1931.*
Nikavaa miwani. Nikaivua.
Huyu si Müzeyyen wa ghorofa ya tatu?
Ndiye. Alikubali kwa pakiti mbili za kahawa.
Mwanangu, bibi yako alikuwa karani wa forodha,
alivuta sigara hata kwenye mazishi ya watu,
na aliweza kuunguza maji.
Mwaka 1931 hata mama yake alikuwa bado anacheza mdako.
Nilgün akasema taratibu, bila kuniangalia:
Mama, watu hawanunui tini. Wananunua bibi.

Alhamisi ile chupa arobaini zilikwisha kabla ya adhuhuri.
Mwanamume mmoja, suti, tai imelegea,
alifungua kifuniko akanusa, macho yakamlowa.
Kwetu kulinukia hivi hivi, akasema.
Sikujua nitazame wapi.
Nikampa chenji, nikamwongezea kijiko cha mbao
ambacho hakikuwa cha kuuza.

Nilimsimulia Nilgün hayo tukiwa mezani.
Nilidhani atacheka. Aliacha kula.
Taa ya chumbani kwake iliwaka mpaka magari ya taka yakapita,
na asubuhi nikakuta lebo nyingine karibu na birika,
haina picha, haina mwaka:
*Jamu ya tini. Mpishi alikuwa akifuma soksi.
Alijifunza peke yake.*
Hiyo ndiyo aliyoiwasilisha.
Mwalimu aliandika kwa penseli pembeni: Inagusa. Haiuzi.
Akampa sitini na mbili.

Kweli haiuzi. Juzi nimerudi na ishirini na tisa,
mkokoteni unalia njia nzima.
Na Müzeyyen sasa anawaambia watu kwenye lifti
kuwa jamu ile ni ya kwao, tangu kwa mama yake,
anadai na fungu lake;
anasimulia vizuri, moshi wa kuni anautia mahali pake,
hajasomea hata siku moja.

Ningemsahihisha.
Ila lebo moja ya zile za kwanza niliibandika kwenye friji,
na kuna asubuhi, sukari ikianza kutokota,
najikuta nimegeuka, mwiko mkononi,
namwuliza yule bibi ambaye hatukuwahi kuwa naye
kama imekolea.